Makala ya bambu kwa kulinda makaratasi yetu



Hapa Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta. Kwa mwaka mvua inapita milimeta 1,600, na hakuna mwezi unaokosa. Sisi tuliorudi tunaona hasara yake: nyumba tulizifunika haraka, chini ni udongo, na makaratasi tuliyobeba njia yote yanaota ukungu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya mpiga kura, karatasi ya shamba: ikioza, kupata ingine ni safari na ni franka.

Makala ya bambu yanaweza kusaidia, juu yana vitundu vidogo sana vinavyovuta unyevu na harufu. Tukate bambu iliyokomaa, si changa, tuipasue na kuikausha. Isipopasuliwa, hewa ya ndani ya pingili inalipuka kwenye moto. Tuichome ndani ya pipa lenye hewa kidogo. Tukiisha kuzima, tuyaache siku nzima yapoe. Kaa moja iliyojificha inatosha kuchoma sanduku.

Halafu tufunge konzi mbili ndani ya kitambaa, yasichafue, tuweke ndani ya sanduku pamoja na makaratasi. Kifuniko kifungwe vizuri. Sanduku likae juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Makala yakikaa wazi chumbani hayawezi kitu: unyevu wa nje hauishi. Na kama bati linavuja, tuzibe bati kwanza.

Kila wiki mbili, jua likitoka, tuyaanike. Yakichoka, tuyapikie, hakuna kinachopotea.

Sasa neno la nguvu. Kazi hii ya kuvuta unyevu ni ya makala baridi. Mvua ikikaza, tusiingize mbabula yenye moto ndani na kufunga mlango, hata kama nepi za mtoto hazikauki. Makala yanayowaka, ya bambu ao ya mti, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala, hawaamuki. Mtu akisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, anataka kutapika, tumutoe inje mara moja, milango ifunguliwe, tumupeleke kwenye santé.

Karatasi inaweza kutafutwa tena. Mtu, hapana.