Dakika Kumi za Kwanza: Sindano, Muuguzi na Maumivu ya Jiwe la Figo



Mgonjwa ambaye kidole tumbo chake kimepasuka hujikunja akatulia, maana kila akijisogeza maumivu yanazidi. Mwenye jiwe la figo hatulii. Atakaa, atasimama, atapiga magoti, atazunguka kitanda, huku jasho linamtiririka na matapishi hayakomi. Maumivu huanzia ubavuni yakashuka hadi kinenani. Wapo wanawake waliozaa wanaosema uchungu wa uzazi una nafuu.

Jiwe likiwa ndani ya figo laweza kukaa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Balaa ni pale linapoingia kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, mrija ambao upana wake ni milimita chache tu. Mkojo hukwama na shinikizo ndani ya figo hupanda. Figo nayo hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hutanua mishipa yake ya damu. Kwa hiyo mkojo mwingine unazidi kutengenezwa nyuma ya kizuizi, na msuli wa mrija unakaza. Ndiyo maana ile desturi ya kumfungulia mgonjwa dripu kwa kasi, eti maji yalisukume jiwe, haina msingi. Dripu ni ya aliyetapika hadi akaishiwa maji. Kunywa maji mengi ni kinga ya jiwe lijalo. Hili lililokwishakwama halisukumwi hivyo.

Kwa kuwa prostaglandini ndizo zinazozidisha shinikizo na maumivu, dawa inayozizuia hufanya kazi pale pale penye tatizo. Utafiti ninaoutegemea zaidi ulifanyika Doha, Qatar, ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016. Wagonjwa 1,645 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walichomwa diklofenaki, dawa ya aina hiyo, miligramu 75 kwenye msuli, wengine mofini kwenye mshipa, wengine parasetamo kwenye mshipa. Baada ya nusu saa, waliopungukiwa maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 68 kwa diklofenaki, 66 kwa parasetamo na 61 kwa mofini. Diklofenaki ni ya bei nafuu, haifungiwi kwenye kabati la dawa za kulevya, na haihitaji mshipa. Sindano moja tu kwenye msuli.

Sasa nije kwenye sindano za aina nyingine. Akupancha, yaani sindano za Kichina, si ngeni kwetu: Zanzibar imekuwa ikipokea timu za madaktari kutoka China tangu mwaka 1964, na Tanzania Bara tangu 1968. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoyaweka maumivu ya jiwe la figo miongoni mwa hali ambazo akupancha ilithibitika kuzisaidia. Ripoti hiyo ilikosolewa sana, na kwa haki, kwa sababu ilikusanya majaribio mazuri na mabovu katika kapu moja. Siitumii kama ushahidi. Natumia majaribio mawili ya baadaye.

La kwanza ni la Monastir, Tunisia, lililochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 115 walipata ama akupancha ama mofini. Waliochomwa sindano za Kichina walipata nafuu mapema zaidi, na madhara yalijitokeza kwa watu 3 tu, ilhali upande wa mofini yalijitokeza kwa 42. Kasoro yake iko wazi: kila mgonjwa alijua amepewa nini, na anayeamini tiba yake hupata nafuu hata kwa imani hiyo.

Jaribio la pili, la Beijing, lililochapishwa mwaka 2022, lilijaribu kuliziba pengo hilo. Wagonjwa 80 wote walipewa diklofenaki. Kisha 40 wakafanyiwa akupancha halisi na 40 ya kuigiza. Dakika kumi baadaye, waliopungukiwa maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa 31 katika kundi la kwanza, na 4 tu katika la pili. Kufikia dakika ya 45 tofauti ya maana haikuwepo tena, kwani dawa ilikwishawafikia wote.

Mimi nayasoma matokeo haya hivi: sindano za Kichina hazishindi dawa, zinaitangulia. Zinampa mgonjwa nafuu wakati dawa bado iko njiani. Haziyeyushi jiwe, hazifungui mrija, haziui bakteria. Anayewaambia wagonjwa kwamba zinatoa jiwe anawadanganya, hata kama ofisi yake ina cheti ukutani. Na sindano isiyo mpya, iliyotumika kwa mwingine, ni mlango wa virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Hapa ndipo uuguzi unapoingia. Dakika kumi za kwanza daktari mara nyingi hayupo. Yuko chumba cha upasuaji au wodi nyingine. Muuguzi yupo. Yeye ndiye wa kuuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, kisha akarudi kuuliza tena baada ya nusu saa, jambo ambalo chati zetu nyingi zinaonyesha halifanyiki. Aulize kama kuna ujauzito, vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa za jamii ya diklofenaki, figo moja au figo dhaifu, kabla ya kuchoma diklofenaki. Akiwa na kitu chenye joto cha kumkandia, amkandie: utafiti wa Vienna wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba blanketi lenye joto la nyuzi 42 tumboni na kiunoni lilipunguza maumivu hata ndani ya gari la wagonjwa. Mkojo uchujwe kwa shashi ili jiwe likitoka lipelekwe maabara.

Na apime joto la mwili. Hili nalisema polepole kwa ajili ya wanafunzi. Homa pamoja na mrija ulioziba huweza kumaanisha usaha uliofungiwa ndani ya figo. Mtu huyo anaweza kufa usiku huo huo, hata kama maumivu yake yametulizwa vizuri. Anahitaji antibiotiki na figo kufunguliwa njia haraka. Vilevile mzee anayepata maumivu haya kwa mara ya kwanza asibandikwe jina la jiwe kabla mshipa mkuu wa damu tumboni haujaangaliwa kama umevimba.

Nasikia mara kwa mara muuguzi akisema, "Huyu anataka mofini tu." Inawezekana. Lakini anayetapika huku akizunguka kitanda hastahili kushukiwa kwanza na kutibiwa baadaye.

Basi ombi langu ni kwa waganga wafawidhi mlioko ukumbini. Kabla hamjanunua sindano za Kichina, andikeni na mtie saini agizo la kudumu linalomruhusu muuguzi wa mapokezi ya dharura, baada ya maswali niliyoyataja, kumchoma mgonjwa diklofenaki bila kumsubiri daktari. Palipo na mtaalamu wa akupancha aliyefuzu, mwekeni karibu na mapokezi hayo hayo, na pimeni matokeo yake kama tunavyopima dawa nyingine yoyote.