Wakati wa Kusoma Tutaupata Wapi?

(Maneno ya wazazi wa kamati, yaliyosomwa kambini Dzaleka siku ya tarehe 8 Septemba)



Leo ni siku ya kimataifa ya kusoma na kuandika. UNESCO iliitangaza mwaka 1966, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1967. Kamati ilituomba sisi wazazi tuseme machache juu ya kusoma nyumbani. Tulipokutana kutayarisha maneno haya, mama mmoja aliuliza: "Tutawaambia watu nini? Sisi wenyewe tumesoma lini?" Tukanyamaza wote. Kwa hiyo msitegemee hotuba ya walimu. Haya ni maneno ya watu wa ndoo.

Siku yetu mnaijua. Kabla jua halijatoka vidumu vimekwisha kupangwa kwenye bomba. Baada ya hapo mtoto aende shule, mama aende sokoni na nyanya zake, baba atafute ganyu kwenye mashamba ya wenyeji au ashinde kwenye cherehani. Siku ya posho huliwa yote na foleni. Jioni kuna sombe ya kutwanga na watoto wa kuogesha, na saa kumi na mbili giza limekwisha kuingia. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000, na tangu amri ya mwaka 2023 ya kuwarudisha kambini waliokuwa wakiishi mijini, bomba na madarasa vimezidi kubanana. Anayesema mzazi wa hapa ana nafasi, hajawahi kulala hapa.

Lakini tuseme na jambo lililotuuma. Jirani yetu mmoja alibandikiwa jina lake ubaoni pamoja na tarehe ya mahojiano. Tangazo lilikuwa kwa Kiingereza. Yeye alisoma Kifaransa kidogo huko Uvira, akapita ubao ule mara nyingi bila kusimama. Nyumbani ana mtoto wa darasa la sita anayekijua Kiingereza vizuri kabisa. Mtoto hakuwahi kuombwa asome chochote mbele ya mama yake. Alijulikana kwa kuchota maji tu. Tarehe ikapita. Akangoja miezi mingi kuitwa tena. Hatulaumu ofisi yoyote hapa, tunajisema sisi wenyewe: msomaji alikuwamo ndani ya nyumba, hakuna aliyemtumia.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Tulidhani kusoma na mtoto maana yake ni mzazi kumfundisha mtoto. Mzazi wa Fizi atamfundishaje mtoto Kiingereza na Kichewa? Mtoto wetu anasoma kwa lugha za Malawi, mama anaomba kwa Kiswahili, bibi anasimulia kwa Kibembe au Kirundi, na cheti cha baba kiko kwa Kifaransa ndani ya mfuko wa nailoni. Tukageuza. Mtoto asome, mzazi asikilize. Akimaliza ukurasa, aeleze kwa Kiswahili alichosoma. Kama hakuelewa utamjua, maana ataanza kuchezea vidole.

Tulijaribu pia mambo yaliyoshindikana. Kwanza tuliita wazazi Jumamosi alasiri waje kusoma pamoja. Walikuja watu wanne, na mmoja wao alikuja kuuza mandazi. Kisha tukajaribu kusoma kwenye foleni ya maji. Lilikuwa wazo zuri hadi mama mmoja alipozama kwenye kitabu na ndoo zake zikarukwa; ugomvi uliotokea pale uliamuliwa na mwenyekiti wa mtaa. Tukajifunza kwamba bombani watu wanahitaji macho yao yote.

Mahali palipofaa ni jikoni. Maharage huchukua muda mrefu motoni, na mtu anayepika maharage hawezi kwenda mbali. Mtoto akae kwenye kigoda, asome kwa sauti wakati mama anachambua mboga. Dakika kumi zinatosha. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo sawasawa na mwenye diploma, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza na kuuliza, "Halafu ikawaje?" Wengine kati yetu ambao hawakujua herufi wameanza kuzitambua kwa kuchungulia begani kwa mtoto. Hawasemi, lakini tumewaona.

Na akina baba? Hapa tuseme ukweli ingawa baadhi yetu tutatazama chini. Tunasema tumechoka, halafu tunakaa kwenye bao hadi usiku. Bao si dhambi. Ila mtoto wa kiume asiyemwona baba yake ameshika kitabu ataamini kusoma ni kazi ya shule na ya akina mama. Mzee mmoja wa mtaa wetu sasa hucheza raundi mbili badala ya tano, kisha huenda nyumbani kusomewa na mjukuu. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Siku hizi wanamwuliza hadithi imefikia wapi.

Hadithi yenyewe ni *Peponi*, ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kukimbilia Uingereza akiwa kijana katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaitoa kwa Kiswahili. Ni habari za kijana Yusuf aliyetolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake. Si kitabu cha watoto wadogo, na kuna kurasa ambazo mzee humwambia mjukuu aruke. Lakini alipofika pale kijana anapopakiwa kwenye gari la moshi bila kuelezwa kwamba harudi, mzee alimwomba asimame kwanza. Wakakaa kimya kidogo. Mjukuu akauliza, "Babu, ninyi mliambiwa?" Hapo babu akaanza kusimulia safari yao ya kuvuka ziwa, habari ambayo familia haikuwahi kuisikia.

Wenzetu wa mashirika, hatuombi semina. Tunaomba taa za sola zinazofika nyumbani, si kwenye ofisi tu, na vitabu vya Kiswahili na Kirundi pamoja na vile vya Kiingereza. Matangazo nayo yabandikwe kwa lugha zaidi ya moja, kwa sababu ile tuliyoieleza.

Sanduku la vitabu liko kwa katibu wa wazazi. Lina vitabu 43, na kimoja hakina jalada. Linafunguliwa Jumatatu na Alhamisi baada ya shule. Kila nyumba inachukua kimoja kwa wiki mbili, na anayekimwagia mafuta ya taa akirudishe hivyo hivyo bila kuogopa. *Peponi* bado iko kwa yule mzee. Amebakiza kurasa chache, na wa kumfuata wamekwisha kuandikwa.