Mwanaume hapimwe na rangi ya shemizi



Mwezi uliopita nilienda kutafuta kazi mu ofisi moja ya hapa mujini. Nilivaa shemizi ya roze, mama mwenyewe njo alinipigia pasi. Ule bwana wa kunipokea hakufungua hata diplome yangu. Aliniuliza tu: "We ni mwanaume ao?" Akaongeza: "Ile hapana mila yetu."

Sawa. Mila gani?

Tuanze na bankambo. Kule Kasai, kwa Bakuba, banaume njo banafuma raffia. Siku ya sikukuu mwanaume anavaa sketi ya raffia ndefu kupita ya mwanamuke, na rangi nyekundu ya tukula inamupendeza. Kwa Baluba, mpemba nyeupe inapakwa ku mwili mu mambo ya heshima. Rangi haikuwa haya.

Nyuma akakuja Mubelgiji. Muangalie tablo za "Colonie belge" zenye Tshibumba na benzake balichora hapa Katanga mu miaka ya 1970: mufungwa mweusi amelala chini, amevaa mistari, anapigwa fimbo. Ile nguo hakuichagua.

Tukapata uhuru. Lakini mu miaka ya 1970 Mobutu akakataza kositimu na kravati, babaze wetu bote mu abacost, eti njo kurudia ku mila. Ilingojewa mpaka tarehe 24 Aprili 1990 ndipo kravati ikaruhusiwa tena. Katikati ya ile miaka, basapeur ba Kinshasa, na Papa Wemba mbele, balivaa vile balitaka. Ngambo, kule Brazzaville, basapeur benzao baliweka sheria yao: usipite rangi tatu. Hapana serikali iliyowapa ile sheria.

Munaona njia? Kila mukubwa mwenye kutaka kututawala alianzia ku nguo. Leo hakuna tena wa kutuamuru, na sisi wenyewe tunafanya kazi yake: tunachekana mu bisi, tunazomeana ku soko, tunaitana majina ya matusi.

Sisemi mutu auze simu anunue viatu vya Weston. Mwenye madeni ya nguo naye hayuko huru. Nasema hivi: wakati tunapimana shemizi, malori ya shaba inapita kila siku kuelekea Kasumbalesa, na sisi benye diplome tunakaa ku kivuli cha muembe. Ule bwana aliona roze, hakuona miaka yangu yote ya masomo.

Kwa hiyo, vijana: mwenzako akipita na rangi yake, umusalimie. Bazazi: musimufukuze mutoto juu ya suruali. Na nyinyi wenye kutoa kazi: fungueni kwanza diplome.

Mi kesho narudia kutafuta. Na ile shemizi, mama ameshaipiga tena pasi.