Soseji ya Kichina, Wali na Mpaka wa Forodha

Kila anayeishi mbali na kwao anajua uzito wa sanduku linalotoka nyumbani. Nguo ndani yake huwa chache. Kinachojaza nafasi ni dagaa, bizari iliyosagwa na shangazi, samli ya mama, na papa mkavu aliyeviringishwa kwenye magazeti ili harufu yake isiwafikie maofisa wa forodha. Watu wa kusini mwa China nao wana sanduku lao, na kwa miaka mingi ndani yake hakikukosekana kitu kimoja: soseji nyembamba na ngumu, nyekundu ya kuiva, yenye madoa meupe ya mafuta, iliyofungwa mbilimbili kwa uzi. Wenyewe huiita lap cheong.

Makala haya yanaeleza jinsi soseji hiyo inavyotengenezwa na kupikwa majumbani, na sababu zilizofanya kitoweo kidogo namna hiyo kiwe jambo la sheria katika viwanja vya ndege duniani.

Lap cheong ni matamshi ya Kikantoni, lugha inayosemwa Hong Kong na katika sehemu kubwa ya mkoa wa Guangdong. Neno la pili maana yake ni utumbo, kwa kuwa nyama hujazwa ndani ya utumbo uliosafishwa. Neno la kwanza limefungamana na mwezi wa 12 wa kalenda ya Kichina, unaoangukia katikati ya majira ya baridi, kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Jina lenyewe, basi, linataja msimu. Wakati huo upepo kutoka kaskazini huwa mkavu na wa baridi, na nyama iliyotundikwa hukauka kabla haijapata nafasi ya kuoza. Wakantoni husema kwamba upepo wa majira ya mapukutiko ukianza kuvuma, wakati wa kula nyama kavu umewadia. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaoujua upepo wa kaskazi unaovuma karibu miezi hiyohiyo, hawatashangaa kusikia kwamba jiko linaweza kupanga kazi zake kwa kuufuata upepo.

Utengenezaji wake hauna siri kubwa, ila unahitaji subira. Nyama ya nguruwe isiyo na mafuta hukatwakatwa, na mafuta magumu ya mgongoni hukatwa vipande vidogovidogo badala ya kusagwa, ili yaonekane na kutafunika. Huchanganywa na chumvi, sukari, sosi ya soya na pombe kali, mara nyingi ile iliyotiwa harufu ya waridi. Mchanganyiko hujazwa ndani ya utumbo, hutobolewa kwa sindano ili hewa itoke, hufungwa kwa uzi, kisha hutundikwa kwa siku kadhaa. Chumvi na sukari hufyonza maji na kuwanyima vijidudu makazi. Watengenezaji wa biashara huongeza pia chumvi maalumu ya naitraiti, inayohifadhi wekundu wa nyama na kuwazuia bakteria wenye sumu ya hatari.

Soseji ya Guangdong ni tamu. Ya mkoa wa Sichuan, upande wa magharibi, ni kali: hutiwa pilipili nyekundu na zile punje za Sichuan zinazotia ulimi ganzi, na mara nyingi hufukizwa moshi. Ipo pia aina ya Kikantoni inayotengenezwa kwa maini ya bata, yenye rangi ya kahawia iliyokolea. Jina la aina hiyo lina kisa chake. Kwa Kikantoni, ini hutamkwa sawa na neno lenye maana ya ukavu, na hakuna mfanyabiashara anayependa kuitamkia riziki yake ukavu. Kwa hiyo ini likapewa jina jingine, lenye maana ya unyevu.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini chakula hiki huwaliza watu wakiwa ugenini hana budi kuanza na uhaba. Soseji hii haikuzoeleka kuliwa kwa wingi. Soseji mbili, zikikatwa vipande vyembamba vya mshazari, hutosha kukipa ladha chungu cha wali cha watu wanne. Katika China ya miongo iliyofuata mwaka 1950, nyama iligawiwa kwa kuponi, na utaratibu wa kuponi za chakula ulikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Wakati wa njaa kuu ya mwaka 1959 hadi 1961, wakazi wa Hong Kong walituma na kubeba vifurushi vya chakula kwenda kwa jamaa zao wa Guangdong. Kwa wazee waliopita katika nyakati hizo, kipande cha soseji juu ya wali ni ushahidi kwamba mtu fulani alikuwa na kidogo, akakigawa.

Ndiyo maana mapishi yake ya nyumbani ni mepesi. Mpishi huosha vikombe viwili vya mchele wa punje ndefu, akauroweka kwa nusu saa, kisha akauweka katika chungu kidogo cha udongo au sufuria nzito. Maji hupimwa kwa kidole: ncha ikigusa mchele, maji yafike kwenye pingili ya kwanza. Kipimo hicho hakihitaji kutafsiriwa kwa mpishi wa Tanga wala wa Lamu. Soseji mbili au tatu huoshwa kwa maji ya moto ili kuondoa vumbi na mafuta ya juu. Wali ukichemka na maji yakakaribia kukauka, vitundu vidogo vikajitokeza juu yake, soseji hupangwa hapo pamoja na uyoga mkavu uliorowekwa. Kifuniko hurudishwa, moto hupunguzwa, na chungu huachwa kwa dakika 15 hivi. Kisha huepuliwa na kupumzishwa dakika 10 bila kufunuliwa.

Ndani ya muda huo mafuta ya soseji huyeyuka, yakateremka punje kwa punje, yakibeba chumvi, utamu na harufu ya waridi. Mwishoni hunyunyizwa sosi ya soya iliyochanganywa na sukari kidogo na mafuta ya ufuta, na majani ya kitunguu yaliyokatwa. Pembeni huwekwa mboga za majani zilizochemshwa kidogo, kwa sababu mlo wenyewe una mafuta. Ni lazima soseji iive kabisa, kwani ingawa ni kavu, bado ni nyama mbichi.

Katika Hong Kong, wali huu wa chunguni ni chakula cha usiku wa baridi, na mtaa wa Temple, huko Yau Ma Tei, umejulikana kwao kwa muda mrefu. Wapishi wanaotumia mkaa wamebaki wachache. Mlaji huko hukisifu chungu kwa ukoko wake. Wali wa chini ukiwa umeshikamana, wa rangi ya dhahabu, unaolia ukivunjwa, mpishi amefaulu. Ukiungua ukawa mchungu, ameshindwa hata kama soseji yake ni ya bei kubwa. Msikilizaji aliyekua akigombea ukoko na ndugu zake, au aliyemwona bibi akipalia wali kwa makaa juu ya kifuniko, atatambua kwamba majiko haya mawili yalifikia hekima moja bila kushauriana.

Mijini, nyumba nyingi zimeacha chungu. Sufuria ya umeme ya kupikia wali, iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 1955, ilirahisisha kazi: soseji nzima huwekwa juu ya wali unaochemka, na kifaa kikijizima chakula kiko tayari. Ukoko haupatikani, lakini harufu hujaa chumba. Kwa mwanafunzi anayeishi peke yake katika chumba kimoja huko London au Toronto, harufu hiyo ndiyo nyumba yenyewe.

Ni hapa ambapo forodha inaingia. Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani huwazuia wasafiri kuingia na bidhaa za nyama ya nguruwe kutoka China, na sababu si ubaguzi wa ladha. Ni ugonjwa, na ugonjwa huo una historia inayogusa Afrika Mashariki. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1921. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kuwaumiza, na hubebwa na aina ya kupe. Kwa nguruwe wa kufugwa, karibu kila anayeambukizwa hufa. Ugonjwa ulifika Ureno mwaka 1957 na Georgia mwaka 2007, na mwezi Agosti 2018 ukathibitishwa nchini China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Nguruwe waliokufa au kuuawa ili kuzuia maambukizi walihesabiwa kwa mamilioni.

Virusi hivyo havimdhuru binadamu. Tatizo ni kwamba vinaweza kudumu kwa miezi katika nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa bila kupikwa. Soseji moja iliyotupwa jalalani na kuokotwa na nguruwe yatosha kuanzisha janga. Mwezi Oktoba 2018, maofisa wa Japani walitangaza kwamba wamegundua vinasaba vya virusi hivyo katika soseji iliyobebwa na abiria kutoka Beijing aliyetua katika kisiwa cha Hokkaido. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Taiwan ilipandisha faini kwa wanaobeba bidhaa za nguruwe kutoka maeneo yenye ugonjwa: dola 200,000 za Taiwan kwa kosa la kwanza, na dola milioni moja kwa kosa la pili.

Hivyo mama aliyetia jozi tatu za soseji katika sanduku la mwanawe alijikuta, bila kukusudia, amemtia katika hatari ya faini inayoweza kuzidi nauli yake. Sheria hiyo ina haki, kwani inalinda maisha ya wafugaji. Na mama naye hakuwa na nia mbaya. Pande zote mbili zina hoja, na soseji huishia katika pipa la taka la uwanja wa ndege.

Waliohamia zamani walikwisha kupata jibu. Katika miji kama San Francisco na Vancouver, ambako Wakantoni wamekaa kwa vizazi, soseji hutengenezwa hukohuko kwa nyama ya nchi hiyo. Jibu hilo limepata umuhimu mpya tangu tarehe 31 Januari 2021, Uingereza ilipofungua viza maalumu kwa wakazi wa Hong Kong wenye hadhi ya uraia wa Uingereza wa ng'ambo, na maelfu ya familia zikahamia. Nyingi kati ya familia hizo zilizoea kununua soseji dukani. Sasa, anayetaka kuitengeneza mwenyewe anagundua kwamba aliyejua kipimo cha sukari na idadi ya siku za kutundika ni bibi aliyebaki nyuma, au aliyekwisha kufariki.

Kwa wasikilizaji Waislamu, soseji ya asili si halali, na si kwa sababu ya nguruwe tu, bali pia kwa ile pombe inayotiwa. Lakini Malaysia na Singapore, ambako Wachina na Waislamu ni majirani, zipo soseji za kuku zinazofuata ladha hiyohiyo. Anayetaka kuijaribu atazame alama ya halali kwenye pakiti kabla ya kununua.

Na kwa wote, tahadhari ya afya. Mwezi Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, likisema kwamba gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Desturi ya wazee, ya soseji mbili kwa chungu cha familia, tena katika msimu wake, inaelekea kuwa na busara kuliko soseji tano kwa sahani moja.

Jambo linalobaki linawahusu Waswahili wa ughaibuni sawasawa na Wakantoni. Sheria za mipaka zitaendelea kuwa kali, na vyakula vingi vya nyumbani havitapita tena. Papa mkavu huenda akapatikana kwa shida, na samli ya mama ikaachwa uwanjani. Lakini yuko mtu Unguja, Mombasa au Bagamoyo anayejua chumvi kiasi gani humtosha papa, hukaa juani siku ngapi, na huondolewa chumvi vipi kabla ya kuingia katika nazi. Mara nyingi mtu huyo hajawahi kuandika neno hata moja juu yake, wala hajaulizwa. Simu ya dakika kumi inatosha kumuuliza, naye angali yupo wa kujibu.