Akili ya Nahodha Mzee: Kuzeeka na Kukumbuka Pwani ya Kismayu



Kusini mwa Kismayu, kushuka kuelekea Ras Kiamboni mpakani mwa Kenya, viko visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi wa wenyeji wake walikimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini, wakakaa kambi ya Jomvu. Baadaye baadhi yao walifika Uingereza kuomba hifadhi, na huko wakasailiwa: kisiwa chako kina vijiji gani, mnavua nini, sema Kibajuni tukusikie. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa hata uamuzi wa kuongoza kesi nyingine kuhusu uzito wa kuijua lugha hiyo. Siasa ya usaili ule nawaachia wanasheria. Mimi linalonishughulisha ni hilo lililokuwa likipimwa, yaani kumbukumbu ya mtu mzima, na jinsi umri unavyoigeuza.

Mwanasaikolojia Raymond Cattell aliigawa akili mafungu mawili. Lipo fungu la papo kwa papo, linalotatua jambo geni upesi, na lipo fungu la akiba, yaani maarifa na msamiati uliokusanywa maishani. Kasi ya lile la kwanza huanza kupungua polepole mtu angali kijana, kabla hajaota mvi. La pili huendelea kukua, na kwa wengi hudumu hadi miaka ya sitini na kupita.

Warner Schaie, aliyeanza kuwapima watu wa Seattle mwaka 1956 na kurudi kila baada ya miaka 7, aligundua jambo ambalo wapimaji wengi husahau. Ukimlinganisha kijana na mzee kwa siku moja, huoni umri peke yake, unaona pia tofauti ya skuli walizosoma. Chukueni Mbajuni aliyezaliwa kabla Kisomali hakijapewa hati ya Kilatini mwaka 1972. Chuoni alisoma Kurani, nyumbani alisema Kibajuni, sokoni Kismayu alihitaji Kisomali. Kalamu na karatasi hazikuwa kipimo chake cha kila siku. Mtu huyu akiambiwa aandike sentensi, anakili umbo, kisha ahesabu kurudi nyuma kwa saba kuanzia mia, alama zake zitatueleza habari za skuli kuliko za ubongo.

Mpeleke baharini. Kijana atatweka tanga upesi kuliko yeye, hilo halina ubishi. Lakini kujua mlango gani wa mwamba unapitika maji ya bamvua na haupitiki maji mafu, au kusi imekaribia kiasi gani, ni akiba ya miaka mingi. Barani nako wakulima wa Kibajuni wana vave, nyimbo ndefu za usiku kabla ya kuchoma konde, na wajuzi wake hushika beti nyingi kichwani bila daftari. Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya mkimbizi mzee ni kuondolewa mahali ambapo akiba yake ilikuwa na kazi. Ghorofani London hakuna wa kumuuliza habari za bamvua.

Kuna na hili. Watu waliovuka miaka arobaini hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya ujana wao, takriban umri wa miaka 10 hadi 30. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1991 sasa yumo miaka ya hamsini, na ujana wake wote wa kabla ya kukimbia uko Chula au Koyama. Msishangae basi akikutajieni nahodha wa kila mashua ya wakati ule kisha asijue miwani ameiweka wapi. Huko si kuugua.

Maradhi yapo lakini. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu, kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Watafiti wa huko walitengeneza pia kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika, ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Pwani yetu inahitaji kipimo cha namna hiyo, kwa lugha yetu na kwa mambo yetu.

Kwa hiyo nawaomba madaktari walio hapa: kabla ya kumhukumu mzee, mpimeni masikio na macho, kwa kuwa asiyesikia swali hawezi kulijibu, na uziwi wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia. Nanyi wenye wazee nyumbani, mzee akipotea njia ya msikiti aliyoizoea, au akishindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote, msiseme ni uzee tu. Mpelekeni hospitali.