Ulrich Zwingli na Baraza la Jiji la Zürich



Yakitajwa Matengenezo ya Kanisa, wengi wetu mawazo hukimbilia Wittenberg kwa Martin Luther. Leo tunakwenda Uswisi, kwa mtu aliyezaliwa wiki saba tu baada yake. Hoja yangu ni moja: Zwingli haeleweki akitazamwa mimbarini peke yake. Lazima tumtazame pamoja na Baraza la jiji lililomlinda na ambalo yeye alilitegemea mno.

Alizaliwa Wildhaus, kijiji cha milimani, tarehe 1 Januari 1484. Mwaka 1506 akawa padre wa Glarus. Enzi hizo vijana wa Uswisi walikodishwa kama askari kwa wafalme na mapapa. Zwingli aliandamana nao hadi Italia, na mwaka 1515 maelfu yao waliangamia Marignano mbele ya jeshi la Ufaransa. Hatimaye aliilaani waziwazi biashara hiyo ya damu, ingawa posho ya Papa aliendelea kuipokea hadi mwaka 1520.

Siku aliyotimiza miaka 35 alianza kuhubiri katika kanisa la Grossmünster, Zürich. Aliyaweka kando masomo ya kalenda ya kanisa, akaanza Injili ya Mathayo sura ya kwanza na kuendelea mbele. Kilichowasha moto, hata hivyo, ni soseji. Katika Kwaresima ya 1522, nyumbani kwa mpiga chapa Christoph Froschauer, soseji mbili zilikatwa vipande vidogo vidogo, waliokuwapo wakala. Zwingli alikuwapo, lakini hakuonja. Froschauer alijieleza mbele ya Baraza kwamba wafanyakazi wake walikuwa na kazi nzito ya kuwahi maonyesho ya Frankfurt, uji mtupu haukuwatosha na samaki hakuwamudu kila siku. Zwingli naye akapanda mimbarini kuwatetea, kisha mahubiri yale yakachapwa. Hapo ndipo ninapomwona Zwingli mwenyewe: hali soseji, ila anaandaa hoja ambayo Baraza litaweza kuisimamia.

Januari 1523 Baraza liliitisha mjadala wa hadhara, wakahudhuria watu wapatao 600. Zwingli alileta hoja 67, Baraza likaamua aendelee kuhubiri. Mwaka 1524 sanamu ziliondolewa makanisani kwa amri na kwa utaratibu, na mwaka uliofuata misa ikakoma. Vinanda navyo vikanyamazishwa, na huyu ni mtu aliyekuwa hodari wa kupiga ala nyingi!

Wanafunzi wake walichoka kusubiri. Conrad Grebel na Felix Manz walihoji kwa nini Neno la Mungu lingoje kura za madiwani. Januari 1525 wakabatizana upya. Baraza likajibu kwa sheria, na tarehe 5 Januari 1527 Manz alifungwa mikono akazamishwa katika mto Limmat. Zwingli alikuwa upande wa Baraza. Wapo wanaosema hizo ndizo zilikuwa nyakati zake. Manz naye aliishi nyakati hizo hizo.

Mabishano yake na Luther kuhusu Meza ya Bwana, huko Marburg mwaka 1529, yanastahili mada yake, kwa hiyo nayapita. Tumalizie na vita vya Kappel. Zürich ilizuia chakula kisiende kwa majimbo ya Kikatoliki, hatua ambayo Zwingli aliiona haitoshi. Yeye alitaka vita. Majimbo yale yakashambulia, na tarehe 11 Oktoba 1531 akauawa vitani pamoja na wanaume wa Zürich wapatao 500. Mwili wake ulikatwa vipande vinne, ukachomwa moto.

Desemba ile ile nafasi yake ilijazwa na Heinrich Bullinger, kijana wa miaka 27. Baada ya msiba ule wakuu wa Zürich walitaka wahubiri wakae mbali na siasa. Bullinger alikubali kutoingilia uendeshaji wa jiji, lakini akadai kwanza uhuru wa kulihubiri Neno lote, hata linapowachoma watawala. Baraza lilimkubalia, naye akadumu katika nafasi hiyo hadi alipofariki mwaka 1575.