Bima Inapokataa Kulipa: Mwenye Dai Afanye Nini?



Tuseme mama mwenye duka amelipa bima ya moto miaka mitano bila kukosa. Duka linaungua. Kampuni inamwambia faili yake inashughulikiwa. Anaenda, anarudi. Mwezi wa nne anapigiwa simu kuambiwa dai limekataliwa. Wengi hapo hukata tamaa, na ndilo kosa la kwanza. Neno la simu si jibu. Adai barua inayotaja kifungu cha mkataba ambacho kampuni inakitegemea.

Akiipata, ailinganishe na hati ya bima yenyewe, si na maneno ya wakala aliyemuuzia. Ukweli usemwe: wakati mwingine kampuni huwa na haki, kwa mfano bima ikiwa ilikwisha muda, au fomu ilijazwa kwa kuficha jambo kubwa.

Kuhusu kucheleweshwa, kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, kinaitaka kampuni ilipe ndani ya siku 90 baada ya kukubali dai au baada ya mahakama kuamua. Ndiyo maana kila barua iwe na tarehe, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kampuni isiposikia, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Nairobi. Huduma hiyo hailipiwi. Mamlaka huitaka kampuni ijieleze, na kesi nyingi hupata mwendo hapo.

Ikishindikana, kuna mahakama. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu hujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Lakini kwanza mkataba usomwe: ukisema mzozo uende kwa msuluhishi, kampuni yaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi. Madai ya mkataba yana miaka sita.

Aliyegongwa na matatu ana njia tofauti. Yeye hana mkataba na kampuni ya bima. Humshtaki dereva na mwenye gari, ndani ya miaka mitatu, na kampuni ipewe ilani mapema kwamba kuna kesi. Akishinda, kampuni hulipa hukumu hiyo hadi shilingi 3,000,000. Asiyepeleka ilani huenda akashinda kesi na asipate kitu kwa kampuni.

Jambo la mwisho ni hati ya kukubali malipo. Mtu ana njaa, watoto wamerudishwa nyumbani kwa karo, analetewa nusu ya haki yake na karatasi isemayo "malipo kamili na ya mwisho". Akitia sahihi, kudai kilichobaki huwa vigumu mno. Aombe siku chache, aende nayo nyumbani, amtafute mtu amsomee kabla ya kushika kalamu.